Kufunika mzigo wa tipa wakati wa kiangazi

Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua huwa adimu Mbeya, na mchanga, kifusi na kokoto zenye unga hutoka machimboni zikiwa zimekauka kabisa. Dereva anayengoja hadi aione mizani ya Uyole ndipo ashuke kufunga turubai amekwisha kuchelewa, kwa sababu unga mwepesi kuliko wote ameuacha kwenye nyumba za watu na meza za nyanya za kando ya barabara. Turubai hufungwa palepale mzigo unapopakiwa.

Kabla ya hapo, fahamu unapita katika eneo la nani. Halmashauri hutunga sheria ndogo kwa mamlaka ya sheria mbili za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji, hivyo tipa linalopakia katika Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya na kushusha ndani ya Jiji linakutana na halmashauri mbili kwa safari moja. Omba nakala kwa mtendaji wa kata au kwa afisa mazingira wa halmashauri, usome vifungu vya usafi wa mazingira na vya usafirishaji wa mizigo pamoja na kiwango cha faini. Faini inayotajwa kwa mdomo tu, bila namba ya malipo ya Serikali, usiilipe.

Machimboni, kazi kubwa iko kwenye ujazo kuliko kwenye turubai. Mwambie mwendesha kijiko aache nafasi ya kiganja kimoja au viwili chini ya ukingo wa bodi, kisha tandiboi asawazishe kichuguu cha katikati kwa chepe, kwa kuwa turubai lililolazwa juu ya kichuguu huacha mianya pembeni na upepo huingia humo ukalipiga kama bendera. Fagia pia mchanga uliokaa juu ya kingo, bampa na mlango wa nyuma. Huo haufunikwi na turubai lolote, na ndio unaomwagikia vioo vya magari yanayofuata.

Ukiwa na maturubai mawili, tandika la nyuma kwanza, halafu la mbele lilale juu yake, kama fundi anavyopandanisha bati, ili upepo unaotoka juu ya kabini usipate mdomo wa kuingilia. Upande wa mbele ufungwe kwa kamba. Mipira ya tyubu kuukuu, ambayo wengi wetu tunaipenda kwa urahisi wake, hulegea juani, kwa hiyo simama baada ya kilomita chache, na tena kabla ya mlima kama Iwambi au Kitonga, ukaze upya.

Kunyunyizia maji husaidia, ila yawe ya kulowesha uso wa mzigo tu: pipa moja la lita 200 ni kilo 200 zaidi, na mizani haiulizi kama ni maji au mchanga.

Baada ya kushusha, fagia bodi kabla ya kuondoka, halafu funga mlango wa nyuma, maana tipa tupu likikimbia kurudi machimboni hutimua masalia yote yaliyobaki sakafuni.