Waifai ya nyumba mbili katika parseli moja: ruta mbili, kebo moja

Wateja wangu wengi hapa Goma wana tatizo moja. Sebuleni waifai inakimbia, lakini kwenye anekse nyuma watoto wanashika simu juu kama wanaopigia mtu saluti. Mfano wangu ni parseli (kiwanja) moja ya mtaa wa Himbi: mbele nyumba ya mawe ya lava, nyuma anekse ya mbao yenye manjanja (mabati), katikati kama mita 25. Kuta mbili za mawe yale zinatosha kumaliza mawimbi.

Usikimbilie kununua ripita. Inapokea hewani na kurusha hewani kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu. Tafuta ruta ya pili, hata iliyotumika, na kebo.

1. Ruta kuu. Kama ni ya laini ya 4G, iweke juu karibu na dirisha, si nyuma ya televisheni. Fungua ukurasa wake kwa anwani iliyoandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Badilisha nywila ya kiwandani, chagua ulinzi wa WPA2. Kwenye DHCP, yaani sehemu inayogawia simu na kompyuta anwani, anza kugawa zile zenye namba ya mwisho kuanzia 100, ili namba ndogo zibaki huru.

2. Kebo. Chini ni lava, kuchimba mfereji utavunja mtaimbo bure. Mimi hufunga waya wa chuma kutoka ukingo wa paa hadi ukingo wa paa, kisha naning'iniza juu yake kebo nyeusi ya nje. Ile ya kijivu ya ndani jua huipasua. Usivuke mita 100. Rangi kwenye plagi, pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kabla ya kubana, tazama kwa mbele: nyaya zote nane ziwe zimegusa mwisho wa plagi.

3. Ruta ya pili. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mimi nilikwama. Mara ya kwanza nilichomeka tu nikaondoka. Jioni simu ikalia: «Fundi, ulikuja kutengeneza ao kuharibu?» Alama ya waifai imejaa, intaneti hakuna, hata sebuleni. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, na simu zilizopewa na ile ya pili zilikuwa zinauliza njia kwa asiyeijua.

Basi, kabla ya kuiunganisha na kebo ya nje, ichomeke kwenye kompyuta peke yake. Kwanza ipe anwani 192.168.1.2 (kama ile kuu ni 192.168.0.1, hii iwe 192.168.0.2). Hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP. Jina la waifai na nywila viwe sawasawa na vya ruta kuu. Kwenye 2.4 GHz, moja iweke chaneli 1, nyingine 11. Kisha ingiza kebo kwenye tundu la LAN, si WAN.

4. Umeme. Soma adapta: volti 9 au 12? Betri ndogo ya ruta lazima itoe volti zilezile. Ampea zikizidi hakuna shida. Radi ikianza kunguruma, chomoa kebo ya nje pande zote mbili. Kwetu radi si mchezo, na shaba iliyoning'inia hewani huipeleka kwenye ruta zote mbili.

5. Mega (data). Kwenye kila simu na kompyuta, weka waifai hii kama mtandao wa kulipia kwa kipimo, la sivyo masasisho yatakula forfe (kifurushi) usiku mmoja.

6. Jaribio. Piga simu ya video, tembea kutoka sebuleni hadi anekse. Ikikatika sekunde moja ni kawaida. Simu iking'ang'ania ruta ya mbali, punguza nguvu ya kurusha kwenye ruta hiyo, halafu tembea tena.