Kabla samaki hajaumia: vitu vya kuwa navyo tayari

Samaki wa kwanza niliyejaribu kumuuguza hakuuawa na kidonda. Alikuwa samaki wa dhahabu aliyejikwaruza ubavuni kwenye pambo la mawe, magamba kama sita hivi yakang'oka. Nilimhamishia kwenye tangi dogo jipya, nikamtilia maji safi na dawa kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Siku ya nne kidonda kilikuwa kimeanza kufunga na wekundu umepungua. Samaki mwenyewe nilimkuta amelala ubavu chini ya tangi, amekufa. Yale maji niliyoyaona safi yalikuwa yamejaa sumu ya amonia aliyokuwa akiitoa mwenyewe kwenye mashavu yake, na mle ndani hapakuwa na kitu cha kuiondoa.

Ndiyo maana orodha yangu ya maandalizi haianzi na dawa. Inaanza na sponji.

Ndani ya kichujio cha tangi lililokomaa wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi. Tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kutosha, na samaki aliyechanika mkia leo hawezi kusubiri kiasi hicho. Kwa hiyo chukua kichujio cha sponji, kile kinachoendeshwa na pampu ya hewa, ukiweke kwenye kona ya tangi lako kuu hata kama huna mgonjwa. Kiache humo mwezi, mwaka, kiwe na rangi ya kahawia na utelezi. Siku ya ajali utakihamisha pamoja na bakteria wake, na tangi la wagonjwa litakuwa na kichujio kilichokomaa tangu saa ya kwanza. Ukitaka kukisafisha, kikamulie kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua bakteria haohao unaowatunza.

Tangi la wagonjwa lenyewe si jambo kubwa. Lita 20 hadi 40 zinawatosha samaki wengi wadogo, na hata beseni la plastiki lisilowahi kuguswa na sabuni linafaa. Usiweke changarawe: sakafu tupu hukuonyesha kinyesi na chakula kilichobaki, na kidonda hakipati pa kujikwaruza. Weka kipande cha bomba la plastiki ajifiche, maana samaki asiye na pa kujificha huishi kwa hofu, na hofu hudhoofisha kinga ya mwili. Mfuniko ni lazima kwa sababu aliyehamishwa huruka. Ongeza kipimajoto, na hita ikiwa ni samaki wa maji ya joto. Joto lifanane na la kule alikotoka, kwa kawaida nyuzi 24 hadi 26 kwa samaki wengi wa kitropiki. Vyote hivi vinaweza kukaa kabatini vikiwa vikavu. Sponji peke yake ndiyo isiyokauka.

Sasa kazi ambayo watu wengi huiacha hadi wakati mbaya: hesabu. Pima tangi hilo leo. Urefu wa sentimita 40, upana 25, na maji yafike sentimita 20: zidisha, upate 20,000, gawa kwa 1,000, basi una lita 20. Piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika mahali maji yatakapofika, uandike "lita 20" hapohapo kwenye kioo. Kisha pima chumvi gramu 40, yaani gramu 2 kwa kila lita, uifunge kwenye mfuko mdogo na kuuandika. Ukisubiri hadi usiku samaki anavuja damu na wewe umepaniki, utapima kwa kiganja.

Chumvi inafanya nini? Mwili wa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humwingia saa zote na yeye hufanya kazi ya kuyatoa kwa njia ya mkojo. Ngozi ikichanika, maji huingia kwa wingi zaidi na chumvi yake humtoka. Chumvi kidogo ndani ya tangi hupunguza tofauti hiyo, na nguvu inayobaki inakwenda kwenye kuponya. Iwe chumvi tupu, isiyochanganywa na kitu. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi na uimimine kwa awamu ndani ya saa kadhaa. Jambo moja linawaponyoka hata wazoefu: chumvi haipotei na mvuke. Ukibadilisha lita 5 za maji, rudisha gramu 10 tu, ya lita hizo 5. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu. Mimea mingi na baadhi ya kambale wadogo wa akwariamu hawaipendi, ndiyo sababu nyingine ya kuitumia tangi la pembeni na si tangi kuu. Na kama unafuga samaki wa bahari, mpango huu wa chumvi haukuhusu. Kwao mambo ni kinyume.

Vipimo vya amonia, nitriti na nitrati viwepo, na uangalie tarehe ya kuisha. Amonia na nitriti vinatakiwa visome sifuri. Dawa ya kuondoa klorini iwepo pia. Kuacha maji yalale usiku kucha husaidia kwa klorini ya kawaida, lakini kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki kwa njia hiyo. Ndoo ya samaki isitumike kwa kazi nyingine yoyote.

Kuhusu dawa nina msimamo ambao si kila mfugaji ataupenda: usijaze kabati. Utando mweupe kama pamba juu ya kidonda unaweza kuwa kuvu, na unaweza kuwa bakteria wanaofanana na kuvu. Dawa ya huyu haimgusi yule. Kilicho bora ni kujua mapema ni daktari gani wa mifugo anayetibu samaki, kwa kuwa si wote. Ukipewa dawa, kumbuka mkaa ndani ya kichujio huinyonya, kwa hiyo utolewe kwanza. Dawa zenye shaba huua uduvi na konokono. Methilini bluu, dawa ya rangi ya buluu ya kutibu kuvu, nayo huwaua wale bakteria wa sponji, hivyo ukiitumia jiandae kubadilisha maji kila siku kama mtu asiye na kichujio.

Amua pia kabla ya siku yenyewe ni nani wa kuhamishwa. Pezi lililochanika kidogo hupona palepale tangini kama maji ni safi na hakuna anayemdonoa. Kidonda kilicho wazi, jicho lililovimba, au samaki anayefukuzwa na wenzake, huyo hamisha. Mchote kwa bakuli pamoja na maji yake. Wavu hukwangua ute unaomkinga, na miiba ya mapezi ya kambale hunasa kwenye nyuzi zake. Ukilazimika kumshika, lowesha mikono kwanza. Kisha rudi ukatafute kilichomjeruhi: ncha ya pambo, mdomo wa pampu, hita isiyo na kinga, au jirani mgomvi. La sivyo utamtibu na kumrudisha kulekule.

Usishangae akikataa kula siku moja mbili. Mpe kidogo, toa kinachobaki. Badilisha robo ya maji kila siku au kila siku ya pili, ukifuata vipimo. Na uangalie ukingo wa pezi kwa makini: baada ya siku kadhaa utaona ngozi nyembamba isiyo na rangi, unapitisha macho kama kwenye kioo. Wengi huidhania kuvu na kumwaga dawa juu yake. Kumbe ni pezi jipya. Rangi huja baadaye, wiki kadhaa. Magamba nayo huota tena. Jicho lililotoka halirudi, ila samaki mwenye jicho moja huzoea na kuishi.

Siku ya kumrudisha, zima taa za tangi kuu na uhamishe mapambo kidogo, ili wenyeji nao waanze upya kugawana maeneo. Sponji iliyokaa na mgonjwa au dawa usiirudishe kule. Itupe, osha tangi dogo, likauke, na siku hiyohiyo uweke sponji nyingine kwenye ile kona.