Kuchagua madirisha ya kisasa na urembo wake: hatua tulizofuata na dada yangu

Dada yangu anamalizia nyumba, na maswali aliyoniuliza kuhusu madirisha ndiyo yaliyonisumbua mimi nilipojenga. Huu ndio mpangilio tuliofuata.

Hatua ya 1: Amua dirisha litafungukaje

La kuteleza kwenye reli halili nafasi, lakini hata ukilifungua lote hewa hupita nusu ya tundu tu. La bawaba hufunguka lote, na likifungwa hubana kwenye mpira wake, kwa hiyo vumbi na mvua hupenya kwa shida. Mimi huchagua bawaba kila mahali, isipokuwa kibarazani ambako kipande kilichofunguliwa kingegonga wapitao. Bafuni weka lenye bawaba juu, ili uliache wazi hata manyunyu yakianguka.

Kama utaweka grili, dirisha la kufungukia nje linataka grili ya ndani.

Hatua ya 2: Fremu

Alumini. Haiozi, hailiwi na mchwa, na fremu yake huwa nyembamba, jambo linaloipa nyumba sura ya kisasa kuliko rangi yoyote.

Hatua ya 3: Urembo, kabla ya kupima

Urembo ni ukanda unaozunguka dirisha ukutani. Chagua ulio bapa, usio na nakshi, wenye upana wa milimita 50 hadi 70. Ndani MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inafaa. Nje usiiguse, ikinywa maji inavimba. Fanya ukanda wa saruji. Angalia unene pia: ukanda ulionenepa upande wa bawaba huzuia dirisha kufunguka lote.

Hatua ya 4: Pima

Hapa ndipo nilipoumia. Nilipima tundu likiwa tofali tupu, likasoma milimita 1200, nikaagiza fremu za 1190. Lipu ilipopigwa milimita 15 kila upande, tundu likabaki 1170. Fremu hazikuingia, na tulibandua lipu mpya madirisha yote ya mbele.

Kwa hiyo subiri lipu. Ukiwa na haraka, mwambie fundi apige lipu kingo za matundu kwanza, kuta zitafuata. Tumia futi kamba ya chuma. Ya kitambaa hunyumbuka. Pima upana juu, katikati na chini, halafu kimo kushoto, katikati na kulia. Shika kipimo kidogo kuliko vyote, kisha toa milimita 10, yaani 5 kila upande, za kujaza silikoni.

Pima pia pembe hadi pembe, mara mbili. Tofauti ikizidi milimita 5, tundu limepinda. Linyooshwe kabla ya kuagiza, kwa sababu fremu ikilazimishwa inapinda nalo na kitasa hakitashika. Ukipanga jiwe au vigae kwenye kizingiti cha chini, toa unene wake pamoja na ule wa saruji ya kulalia.

Matundu yanayofanana kwa macho hayalingani. Kila moja lipe namba yake, uiandike ukutani na kwenye karatasi ya fundi, na mbele ya kila tarakimu andika neno "upana" au "kimo".

Hatua ya 5: Kufunga

Fundi asiondoke bila kuweka pima maji pande zote nne. Kizingiti cha nje kiinamie nje na kitokeze kupita ukuta, kikiwa na mfereji mwembamba chini yake ili maji yadondoke badala ya kutambaa ukutani. Na vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu visizibwe kwa silikoni: ndivyo vinavyotoa maji ya mvua yaliyoingia kwenye reli.