Pedali bapa au za kufunga? Hesabu kwanza unavyoshusha mguu

Wanaonijia kwenye karakana ya baiskeli hapa Arusha kuulizia pedali za kufunga, zile zinazonasa kiatu, karibu wote huanza na mwendo: je, nitakimbia zaidi? Mimi huwauliza kwanza wanakanyaga chini mara ngapi njiani.

Hatua ya 1. Chukua safari uliyoizoea, uhesabu kila unaposhusha mguu: kwenye taa, tuta, ng'ombe wanaovuka, daladala iliyosimama ghafla mbele yako. Ikizidi mara kumi kwa nusu saa, baki na pedali bapa. Pedali za kufunga zilipata umaarufu kwenye mashindano. Look, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, ilitoa zake mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France akizitumia. Njia aliyopita ilifungwa magari. Yetu ya kwenda Usa River haifungwi.

Hatua ya 2. Ukibaki na bapa, nunua bapa nzuri: pana, yenye vijino vya chuma vinavyouma soli. Zile za plastiki laini huteleza mvua ikinyesha, na pedali ikirudi huchana muundi. Vaa kiatu cha soli tambarare na ngumu kiasi. Raba za kukimbilia hubonyea, nyayo zikachoka mapema.

Hatua ya 3. Ukichagua kufunga, tafuta kliti za bolti mbili. Kliti ni kile kipande kinachokazwa chini ya soli ili kinaswe na pedali. Zile za bolti tatu ni kubwa, za plastiki, hulika upesi kwenye kokoto na kutembea nazo ni taabu. Za bolti mbili ni chuma kidogo kinachozama ndani ya soli. Unashuka, unaingia dukani kununua maji. Kwa viatu vya mtumba, geuza kiatu uone matundu ya bolti kabla ya kulipa. Kwa pedali za kampuni ya Shimano za aina hii, anayeanza namshauri kliti za SH56, kwa sababu huachia kwa pande zaidi ya moja. SH51 huachia ukizungusha kisigino kwa upande tu.

Hatua ya 4. Paka grisi kwenye meno ya skrubu ya pedali, kisha anza kukaza kwa vidole. Ya kulia hukazwa kwa kufuata mshale wa saa. Ya kushoto kinyume chake. Hapa pameharibika baiskeli nyingi. Nimeletewa krenki (mkono unaoshika pedali) ya kushoto iliyolika meno yote kwa sababu mtu alilazimishia pedali ya kulia kwa spana ndefu. Tazama herufi L na R kwanza. Vidole vikigoma, usiende kuchukua spana namba 15. Toa, uanze upya.

Hatua ya 5. Usiiharakishe hii, magoti yako yanaitegemea. Vaa kiatu, papasa mfupa unaotokeza nyuma ya kidole gumba na ule wa kidole cha mwisho, utie alama zote mbili kwa kalamu. Weka kliti katikati ya alama hizo, au nyuma kidogo. Kisha keti mezani, miguu ikining'inia, uone vidole vinaelekea wapi vyenyewe. Kliti ifuate uelekeo huo. Kaza kwa aleni (ufunguo wa pembe sita) namba 4. Goti likiuma kwa ndani au nje baada ya safari, rudi kwenye pembe ya kliti, uisogeze kidogo sana kila mara.

Hatua ya 6. Legeza springi ya pedali kwa aleni namba 3, pande zote mbili. Nenda uwanja wa majani, shika mti, funga na ufungue mara hamsini kila mguu: kisigino nje, usivute juu. Halafu fanya hivyo ukiendesha. Barabarani, toa mguu mmoja mita ishirini kabla ya kusimama, uegemee upande huohuo. Wengi huanguka wakiwa wametoa mguu wa kulia huku baiskeli ikilalia kushoto.

Kaza tena bolti za kliti baada ya safari ya kwanza, maana hulegea. Kliti iliyolegea huzunguka pamoja na kiatu, na mguu hautoki.