Kichina cha kununulia viatu Guangzhou

Safari yangu ya kwanza Guangzhou nilikwenda na sentensi moja tu ya Kichina, na nilijiona msomi: "duo shao chien?", yaani bei gani. Niliinong'ona kwenye ndege mpaka jirani yangu akadhani nasali. Nikaingia kwenye majengo ya viatu pale Zhanxi, jirani na stesheni ya treni, nikashika sendo ya kike, nikauliza. Muuzaji alifurahi kweli. Akanimwagia jibu refu, kisha akanikodolea macho akisubiri niseme kitu. Sikuambulia hata neno. Nikaishia kusogezewa kalkuleta kama wageni wengine wote.

Kwa hiyo wewe unayefuata mzigo China mwaka huu, usianze na maswali. Anza na namba, na uzijue kwa kuzisikia kabla ya kuzisema. Ukiuliza bei halafu usielewe unachojibiwa, umejisumbua bure.

Namba zenyewe ni chache. Naziandika kwa masikio ya Kiswahili, siyo kwa herufi wanazofundishia darasani: i, er, san, si, wu, lyu, chi, ba, jyu, shi. Ukishazijua hizo kumi umeshafika mpaka tisini na tisa, maana kumi na moja ni "shi i", ishirini ni "er shi", ishirini na tano ni "er shi wu". Mia ni "bai". Mbili ya kuhesabia vitu na pesa huwa "liang", kwa hiyo yuan mbili (yuan ndiyo pesa ya China) ni "liang kwai". Na sokoni usitegemee kusikia "yuan", wao husema "kwai", kama sisi tunavyosema buku badala ya elfu moja.

Mazoezi nilifanyia kwenye daladala. Kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, na foleni ile unayoijua, nilikuwa nasoma namba za magari. Likipita T 846, nasema "ba si lyu" kabla halijanipotea. Wiki ya kwanza magari yalinishinda yote. Wiki ya tatu hata bodaboda hazikunipita. Usiku nikawa nampa mwanangu karatasi yenye bei, ananisomea kwa Kichina chake kibovu, mimi naandika ninachosikia. Zoezi hilo la kuandika ndilo lililonisaidia kuliko yote. Mwenye muda na nauli, Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundisha lugha hiyo kwa utaratibu. Mimi nina duka, sikuweza.

Sasa kuna mtego. Nne ni "si" na kumi ni "shi", na watu wengi wa kusini mwa China hutamka "shi" kama "si". Kwa hiyo "shi si", kumi na nne, na "si shi", arobaini, zinaweza kukufikia zikiwa "si si" zote mbili. Kinachozitenganisha ni sauti kupanda au kushuka. Hapa Waswahili tunapata shida, maana sisi tunapandisha sauti tukiuliza na kuishusha tukimaliza, wao wanafanya hivyo ndani ya neno moja na maana inabadilika.

Hivi ndivyo nilivyozikariri zile sauti nne. Ya kwanza imenyooka juu, kama unamwita mtu wa mbali, "weee". Ya pili inapanda, kama unavyojibu mlango ukigongwa usiku: "nani?" Ya tatu inazama chini, ndiyo ile "mmh" ya shangazi asiyeamini ulikotoka. Ya nne inaanguka ghafla, kama unamfukuza kuku jikoni: "toka!" Kumi ni ya "nani?", nne ni ya "toka!". Na neno "mai" likiwa la shangazi ni kununua, likiwa la kuku ni kuuza. Ukikosea hapo wala usihangaike, una begi mgongoni na hela mkononi, watajua tu kwamba hukuja kuuza.

Namba zina jambo jingine ambalo lilinigharimu. Niliambiwa raba ni "i bai er". Nikahesabu kichwani: mia moja, na mbili, kwai 102. Nikakubali kwa bashasha, pea ishirini. Wakati wa kulipa, kalkuleta ikaonyesha 2,400. Nikawaka. Dada wa watu akanirudia taratibu, i bai er, i bai er, huku akinionyesha 120. Kumbe wao ile namba ya mwisho huifupisha: "mia moja mbili" ni mia na ishirini. Ingekuwa 102 angetia sifuri katikati, "i bai ling' er". Vivyo hivyo "san kwai wu" ni tatu na nusu. Nililipa, na kelele zangu nikazimeza.

Na usije ukatamka 250 kama "er bai wu". Kwao hilo ni tusi, maana yake punguani. Sema "liang bai wu", au bora zaidi omba 240.

Vidole navyo vina lugha yake. Moja mpaka tano ni kama sisi. Sita ni kidole gumba na cha mwisho vimenyooshwa, vile tunavyomwonyesha mtu "nipigie". Mzee mmoja wa mikanda alinionyesha hivyo, nami nikatoa simu nimpe namba yangu. Akacheka, akaninyoshea tena: kwai sita, mama, siyo simu. Saba ni vidole vitatu vimebanwa ncha pamoja kama unachukua chumvi. Nane ni gumba na shahada, kama bastola. Tisa ni shahada iliyokunjwa kama ndoano. Kumi ni vidole viwili vilivyopishana msalaba, au ngumi. Ukichanganyikiwa kama "si" uliyosikia ni nne au kumi, inua vidole vyako, vinne au msalaba, yeye atatikisa kichwa au atakubali.

Maneno yenyewe ya biashara hayazidi kumi na matano. Ukiingia dukani, kwanza msalimie, "lao ban, ni hao". Lao ban ni bosi, mwenye duka, na heshima hiyo inafungua milango. Wauzaji wa kike, hata wenye wajukuu, huitwa "mei nyu", mrembo, na hakuna anayekasirika. "Je ge" ni hii, "na ge" ni ile. "Tai gwei le", ghali mno. "Pien i dien", punguza kidogo. "Bu yao", sitaki. "Yo ma?", ipo? Hiyo unasema huku unanyooshea saizi au rangi. Na neno langu pendwa, "ting' bu dong'": nasikia lakini sielewi. Hilo "ng'" ni lile la ng'ombe, nasi tunalo tayari, wageni wengine wanalihangaikia. Ukisema ting' bu dong' huku unacheka, mtu anarudia polepole. Ukinyamaza na kuitikia kwa kichwa kama umeelewa, umeliwa.

Wengi watakuwa wakiongea Kikantoni, lugha ya kule kusini, wao kwa wao. Usitishike, na wewe mgeni watakusemesha Kichina cha kawaida, maana hata wauzaji wenyewe wametoka majimbo mbalimbali.

Wakikuona unajitahidi, watakukaribisha "cha". Hilo hukulijua kama Kichina, lakini chai yetu chimbuko lake ni huko huko. Inakuja kwenye vikombe vidogo kama vya kahawa chungu ya pale Msimbazi, bila sukari, na kikiisha wanamimina tena. Bei iliyogoma kushuka ukiwa umesimama hushuka ukiwa umekaa.

Chakula ni kifupi: "bu yao ju rou", sitaki nguruwe. Litaje neno zima, kwa sababu "rou" peke yake, nyama, kwao mara nyingi ni hiyo hiyo nguruwe. Mimi nala kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou, wenyewe Waislamu wa kaskazini-magharibi, wana kibao cha "ching' jen", yaani halali. Agiza "nyu rou mien", tambi za ng'ombe.

Simu nayo itumie, lakini Google haifunguki kule kama ulivyoizoea, kwa hiyo pakua kabla ya safari programu ya tafsiri inayofanya kazi bila intaneti.

Kuna mahali Kichina chako cha daladala lazima kikome, nako ni kwenye malipo ya awali. Ukiagiza mzigo kiwandani utaambiwa ulipe "ding' jin". Yapo mawili, na yanatamkwa sawasawa kabisa, hata Mchina mwenyewe hawezi kuyatofautisha kwa sikio. 定金 ni arubuni: ukighairi, hela imekwenda, na yeye akivunja makubaliano anatakiwa akurudishie mara mbili. 订金 ni malipo ya kutanguliza tu, na kwa kawaida yanadaiwa yarudi. Tofauti iko kwenye herufi ya kwanza ya neno hilo kwenye risiti. Kabla hujatoa hata kwai moja, piga picha ile karatasi, mtumie mkalimani au wakala wako wa mzigo, kaa unywe chai mpaka ajibu.