Baada ya operesheni ya kupunguza unene: kula, dawa na pesa za kila mwezi

Operesheni ya kupunguza unene hulipiwa mara moja. Matunzo yake hulipiwa kila mwezi, maisha yote, na hapo ndipo wengi hukwama: pesa zote zimeishia hospitalini, vidonge vya mwezi wa nne havinunuliwi, na ukifika mwaka wa pili damu imepungua na mtu hana nguvu hata ya kupanda ngazi. Kabla ya kulipa chochote, tenga kando pesa za matunzo ya mwaka mzima. Kama hazipo, ni heri kuahirisha operesheni. Uganda haina bima ya afya ya taifa inayokulipia, na ukiwa na bima ya kampuni, soma sehemu ya mambo wasiyolipia. Mara nyingi operesheni ikiwa haimo, na matatizo yanayotokana nayo hayamo.

Maelezo haya yanahusu aina mbili. Ya kwanza ni slivu: asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa. Ya pili ni baipasi: daktari hubakiza kijifuko cha mililita 30 hivi, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi. Slivu hupunguza nafasi ya chakula. Baipasi hupunguza nafasi na pia hupunguza kile ambacho mwili hufyonza, kwa hiyo mwenye baipasi ndiye anayeumia haraka zaidi akiacha vidonge.

Siku 14 za mwanzo

Ukiwa umetoka Arua, Gulu au Kabale, usipande basi la kurudi siku ya nne. Tafuta chumba karibu na hospitali kwa siku 10 hadi 14 na ukihesabu kama sehemu ya bei ya operesheni. Hatari kubwa ya siku hizo ni mshono wa ndani kuvuja, na huweza kutokea ukiwa umesharuhusiwa kwenda nyumbani. Dalili zake: moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umekaa tu, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega la kushoto, pumzi kuwa fupi.

Hapa kwetu mtu akipata homa, wazo la kwanza ni malaria. Katika wiki hizi wazo la kwanza liwe mshono. Mpigie daktari aliyekupasua saa hiyohiyo, usiku au mchana, kabla ya kwenda kliniki ya mtaani. Hata kipimo cha malaria kikionyesha unayo, hakijathibitisha kwamba mshono hauvuji.

Tembea kidogo kila saa unapokuwa macho ili damu isigande miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, rudi hospitali. Usibebe kitu kinachozidi kilo 5 kwa wiki 4 hadi 6. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo kama nyumbani mnachota maji, weka kwenye hesabu pesa za mtu wa kukuchotea kwa muda wote huo. Boda nayo isubiri mpaka daktari akuruhusu; mashimo ya barabarani hayana huruma na kidonda.

Ukitumia dawa za kisukari au presha, zinahitaji kupunguzwa mapema, nyingine tangu siku ya operesheni. Kumeza glibenklamidi kwa dozi ya zamani huku unakunywa supu tu ni kuitafuta sukari ishuke mpaka uzimie. Pima sukari kila siku na umwambie daktari namba ulizopata.

Kula: nini, kiasi gani, kwa mpangilio upi

Ratiba ya kawaida ni hii: wiki ya 1 na ya 2 majimaji tu, yaani supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, bongo (maziwa ya mgando) isiyo na sukari iliyozimuliwa, uji mwepesi wa soya uliochujwa. Wiki ya 3 na ya 4 vitu vilivyopondwa mpaka vikawa kama rojo. Wiki ya 5 na ya 6 vitu laini: yai la kuchemsha kidogo, samaki bila miiba, maharage yaliyoiva sana na kumenywa. Chakula cha kawaida huanza wiki ya 7 au ya 8. Daktari wako akikupa ratiba tofauti, fuata yake. Usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri. Mshono haukuambii kama umepona.

Maji ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa mafunda madogo. Njia inayofanya kazi ni chupa tatu za nusu lita: ya kwanza iishe kabla ya saa nne asubuhi, ya pili kabla ya saa nane mchana, ya tatu kabla ya saa mbili usiku. Usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Watu wengi wanaorudishwa hospitali mwezi wa kwanza hurudishwa kwa kukaukiwa maji.

Protini ni gramu 60 hadi 80 kila siku. Ikipungua, mwili hula misuli yake na nywele hutoka kwa wingi. (Nywele hukatika kidogo kati ya mwezi wa 3 na wa 6 hata kwa anayekula vizuri, na huota tena.) Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au bongo ya mililita 250 ina 8. Gramu 60 za ngege (sato) aliyepikwa zina kama 15. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina 7 au 8. Vijiko viwili vikubwa vilivyojaa vya unga wa mukene (dagaa) vina takriban 10. Kwa hiyo mayai mawili, glasi mbili za bongo, kipande hicho cha ngege na unga wa mukene mara mbili vinakupa gramu 63, bila kopo la poda ya protini kutoka ng'ambo.

Poda si mbaya, hasa wiki za mwanzo, ila ipigie hesabu vizuri. Usiangalie uzito wa kopo, angalia protini iliyomo. Kopo la kilo 1 lenye gramu 24 za protini katika kila kipimo cha gramu 30 lina gramu 800 za protini. Trei ya mayai 30 ina 180. Gawa bei ya kila kimoja kwa gramu zake, utajua kipi ni rahisi sokoni kwako wiki hiyo.

Mukene anastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndiye mkombozi wa mfuko wa pesa, na akitayarishwa vibaya humchosha mtu siku ya kwanza. Wengi huanikwa mchangani ufukweni, kwa hiyo tatizo ni mchanga. Nunua waliokauka, wanaong'aa, wasio na harufu ya uvundo wala ukungu. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, wasugue kwa viganja, kisha watoe kwa mkono. Usimwage beseni lote juu ya chujio, utarudisha mchanga. Papasa chini ya beseni kwa kidole. Rudia mpaka kidole kisiguse chembe, kwa kawaida mara tatu au nne. Ondoa vichwa kama uchungu unakukera. Wakaushe tena juani au kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka ukivunja mmoja akatike kwa mlio. Twanga au saga, kisha chekecha kwa chujio la chai. Kinachobaki juu kisagwe tena. Weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Anza kuutumia wiki ya 3, kijiko kimoja kwenye supu ya malenge au ndizi zilizopondwa, na uongeze polepole. Kwa vile umesagwa na mifupa yake, unapata kalsiamu pia.

Kwenye sahani, protini huliwa kwanza, mboga kama nakati au dodo (mchicha) hufuata, wanga mwishoni. Posho, matoke na chapati hujaza nafasi yote kabla hujapata kitu cha maana, na posho na mkate hugandamana na kukwama. Mchomo (nyama choma) ni wa kusubiri miezi, kisha utafunwe mpaka ulainike kabisa. Kula kwa dakika 20 hadi 30 kwa kijiko cha chai. Kifua kikibana, mate yakijaa, kwikwi ikija au pua ikianza kuchuruzika, weka kijiko chini. Kijiko kimoja zaidi ndicho kitakachotapikwa. Kilichokwama usikisukume kwa maji. Simama, tembea, subiri. Hata mate yasipopita, nenda hospitali.

Sukari ya majimaji ni adui mkubwa zaidi kuliko posho. Soda, juisi, chai ya sukari na bushera (togwa ya nafaka) iliyotiwa sukari hupita bila kushibisha, na kwa slivu ndiyo njia ambayo kilo hurudi. Kwa baipasi huadhibu: baada ya dakika 10 hadi 30 moyo hukimbia, jasho hutoka, tumbo husokota na kuhara, au baada ya saa 1 hadi 3 sukari ya damu hushuka na mikono kutetemeka. Mchuzi wa binyebwa (karanga) ni mzuri lakini una mafuta mengi: vijiko viwili, si bakuli. Waragi na bia, epuka angalau mwaka wa kwanza. Pombe sasa hupanda kichwani kwa kasi na glasi moja yaweza kuwa kama mbili.

Vidonge, na jinsi ya kusoma kibandiko

Kwa siku unahitaji: multivitamini yenye B1 angalau miligramu 12, chuma miligramu 45 hadi 60 (mwanaume wa slivu hutosheka na 18), kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500, vitamini D yuniti 3000, na B12 mikrogramu 350 hadi 1000 kwa mdomo au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi.

Kalsiamu ndiyo inayowadanganya wanunuzi. Kidonge kilichoandikwa kalsiamu sitreti miligramu 1000 kina kalsiamu halisi kama 210 tu. Kabonati ina asilimia 40, ni rahisi zaidi, lakini inataka asidi, kwa hiyo imezwe na chakula, sitreti haihitaji. Mwili haufyonzi zaidi ya miligramu 500 hadi 600 kwa mara moja, basi gawa mara tatu. Halafu usiichanganye na chuma. Acha saa 2 kati yao. Mpangilio rahisi: kalsiamu na kifungua kinywa, multivitamini na chuma saa saba mchana pamoja na kipande cha chungwa, kalsiamu tena jioni na usiku. Chai ikae mbali na chuma, saa moja kabla na saa mbili baada.

Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, aimeze saa 2 kabla ya kalsiamu au chuma, au saa 6 baada, na kliniki yake ya ARV ijue kuhusu operesheni.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini sasa ni hatari ya vidonda vya tumbo, zaidi kwa baipasi. Kliniki zetu huchoma sindano ya diklofenaki kwa kila maumivu, na kuchomwa badala ya kumeza hakuondoi hatari hiyo. Kataa, omba parasetamoli. Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini imezwe na maziwa, kwa sababu inahitaji mafuta. Ukiitapika ndani ya saa moja, dozi irudiwe.

Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, B1 huisha haraka. Macho kuona viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa: hiyo ni dharura ya ubongo. Dripu ya glukosi ikitangulia bila sindano ya B1 huzidisha madhara. Mwambie muuguzi kwa sauti: B1 kwanza.

Pesa zikibana

Kata poda, kata vitamini maalumu za kuagizwa, kata jimu. Kutembea dakika 40 hakuna ada. Badala ya vitamini maalumu, multivitamini mbili za kawaida za watu wazima kwa siku hufaa wengi, zikiwa na zinki na shaba (kopa), na B1 ikifika kiwango kile. Zile za kutafuna kama peremende ziache, mara nyingi hazina chuma. Vidonge vya chuma na foliki wanavyopewa wajawazito vina chuma miligramu 60, na ni vya bei nafuu. Sindano ya B12 ya mwezi mara nyingi ni rahisi kuliko vidonge. Nunua duka la dawa lenye leseni ya NDA (mamlaka ya dawa ya taifa), hesabu vidonge na si makopo: ukimeza vitatu kwa siku, kopo la 60 ni la siku 20.

Usikate vipimo. Ni mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma mwilini), B12, vitamini D, kalsiamu, ini, figo, sukari. Ukilazimika kuchagua, anza na wingi wa damu na feritini, na mwulize daktari kama B12 inaweza kusubiri iwapo hujakosa sindano hata moja.

Nguo mpya zisinunuliwe mwaka wa kwanza. Fundi cherehani apunguze, na soko la mitumba la Owino, Kampala, likupe za katikati.

Mwanamke asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya mimba, na uzazi huamka haraka uzito ukishuka. Vidonge vya kuzuia mimba si vya kutegemea baada ya baipasi. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi.

Mwisho, daima omba ripoti ya operesheni kwa maandishi, hasa ukifanyiwa India au Nairobi. Kisha andika kadi ya kukaa kwenye pochi: aina ya operesheni na tarehe, "hakuna diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini", "B1 kabla ya glukosi", "mpira wa puani usiingizwe bila daktari wa upasuaji", na namba ya simu ya daktari. Ifunike kwa plastiki, na nakala moja abaki nayo mtu unayeishi naye.