Somo: Namna ya kumaliza safari ya kambi porini mkiwa wote

Mbukwenyi wanakikundi. Wengi mmeniomba niandike namna ya kuanza safari: hema la aina gani, begi la ukubwa gani. Hayo yatakuja. Leo naandika juu ya kumaliza, kwa sababu tangu nianze kupeleka vijana kwenye vilima vya Kondoa, karibu kila jambo lililonitoa jasho limetokea siku ya mwisho. Watu wanakuwa wamechoka, barabara wanaihisi iko karibu, na akili imeshatangulia nyumbani.

Mfano nitautoa kwenye safari yetu ya Julai. Tulikuwa watu 11, siku nne kwa miguu, tukashukia Kolo kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati.

Hatua ya 1: Usiku wa mwisho, kagueni maji kabla ya kupika

Kila mtu alete chupa na dumu lake mbele ya wote. Siku ya mwisho ndiyo watu humwaga maji ili begi liwe jepesi, kwa kuwa lita moja ni kilo moja. Msiruhusu. Kila mmoja aondoke na lita zisizopungua 2, hata kama safari iliyobaki ni ya saa nne. Kiangazi cha huku hakina chemchemi za kubahatisha.

Hapohapo kagueni miguu. Vua soksi, washa tochi, tazama. Lengelenge dogo la usiku huu ndilo litakalomfanya mtu achechemee kesho saa nne. Lifunikeni kwa plasta, msilipasue.

Hatua ya 2: Vunjeni kambi kungali baridi

Amkeni saa kumi na moja, saa kumi na mbili na nusu muwe njiani. Chai na viporo vinatosha.

Moto uzimwe kwa maji. Najua maji ni haba, ndiyo maana tunatunza yale ya kuoshea sufuria tangu jioni. Mwaga, koroga jivu kwa kijiti, mwaga tena, kisha weka kiganja juu yake. Kama bado kuna joto, rudia. Kufukia kwa mchanga peke yake hakutoshi: kaa hubaki hai chini, upepo ukifukua moto unaingia kwenye nyasi kavu, au mtoto anayechunga mbuzi anakanyaga pale peku.

Na jambo hili nawaomba kwa moyo wote: asijisaidie mtu kwenye korongo la mchanga, hata likiwa kavu kabisa. Wenyeji huchimba maji humo. Nenda pembeni, hatua 70 au zaidi kutoka kingo, chimba shimo la kina cha shubiri moja, fukia.

Hatua ya 3: Mbele mtu mmoja, nyuma mtu mmoja

Wa mbele anajua njia na hapitwi. Wa nyuma tunamwita mkia, naye hampiti mtu. Mkia awe na filimbi, dawa na simu yenye chaji. Anayetembea polepole kuliko wote mwekeni wa pili kutoka mbele, mwendo wa kundi zima ufuate miguu yake. Akiachwa nyuma, kila mnaposimama kumsubiri ninyi mnapumzika, naye akifika tu mnaondoka. Yule aliyechoka kuliko wote ndiye anayekosa pumziko.

Hesabuni watu kwenye kila njia panda na kila mnapovuka korongo. Sisi kila mtu ana namba yake, tunaitaja kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja.

Sasa niwaeleze kosa langu. Siku ile ya mwisho, saa tatu hivi, tuliona kwa mbali bati za nyumba zinang'aa. Vijana wawili wakaniomba watangulie wakatafute gari. Nikakubali. Tulikuwa tunashuka ndani ya korongo pana, na njia ya Kolo inatokea kwenye ukingo wa kushoto, penye mkwaju. Wao walikuwa wanapiga hadithi, wakaupita ule mkwaju, wakaendelea na mchanga.

Makorongo ya Kondoa si ya mchezo. Mmomonyoko wa hapa ulikuwa mkubwa hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika. Miti imerudi, lakini makorongo yapo, na ukiwa chini kingo zinakuficha kila alama uliyoiona ukiwa juu. Simu nayo haishiki.

Tulifika barabarani tukiwa tisa. Ilichukua saa tatu kuwapata. Aliyewaona ni mama mmoja aliyekuwa anateka maji kwenye kisima cha mchangani, akawaketisha kivulini na kumtuma mwanawe aje barabarani kutuita. Mmoja alikuwa ameishiwa maji kabisa. Nilimshukuru yule mama mpaka nikakosa maneno. Tangu siku ile simruhusu mtu kutangulia, hata barabara ikiwa inaonekana.

Hatua ya 4: Mkifika

Hesabuni tena. Mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji, yule mliyemuaga wakati wa kuingia, kisha kila mtu apige simu kwao. Mimi jina la mtu silikati kwenye daftari mpaka anitumie ujumbe kwamba yuko nyumbani.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mtu akianza kizunguzungu na kutapika kwa jua, na zahanati iko mbali, nifanye nini?

Marahaba. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mloweshe shingo na kwapa, mpepeeni. Kama ana fahamu mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akianza kuropoka au kuzimia usimpe kitu mdomoni. Hapo ni kumbeba na kupiga 112.

Kaka, sisi wenye kasi tunaumia kutembea polepole. Hamwezi kugawa makundi mawili?

Mnaweza, mdogo wangu, mkipanga hivyo tangu mwanzo, kila kundi likiwa na anayejua njia, mkia wake, dawa zake na maji yake. Kugawana katikati ya pori kwa sababu ya hamu ya kufika, hapana. Mwenye nguvu apunguze mzigo wa aliyechoka. Mchukulie sufuria, utaona kasi zenu zinakaribiana.

Tukishafika Kolo, tunaweza kupanda kuona michoro ya mapangoni siku hiyohiyo?

Laleni kwanza. Kilima kinahitaji miguu yenye nguvu, na michoro ile, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inastahili macho yasiyo na usingizi. Anzeni ofisi ya mambo ya kale palepale Kolo, mpewe kibali na mwenyeji wa kuwaongoza. Msiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, maji yanaiharibu. Baadhi ya maeneo Warangi bado wanafanyia matambiko, kwa hiyo mwenyeji akisema hapa hatuingii, msiingie.

Dada yangu alirudi mzima, wiki ya pili akapata homa. Tukasema ni uchovu.

Msiseme hivyo tena, mama. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu mbu amuume mtu mpaka homa ianze, kwa hiyo wiki ya pili ndiyo hasa wakati wake. Aende kupima siku hiyohiyo, aeleze alilala porini wapi na lini, na kama aliumwa na mbung'o alitaje hilo pia. Dawa zilizobaki za mtu mwingine asizimeze.